Namba za Hidromita Zisipokubali: Kutafuta Chanzo Dalili kwa Dalili

Watu wanaopika bia nyumbani hurudia malalamiko yale yale kuhusu vipimo vya uzito mahususi, vinavyosomwa kwa hidromita, kifaa cha kioo kinachoelea ndani ya kioevu. Namba ya mwanzo imekuwa ndogo kuliko maelekezo yalivyosema, au kubwa mno. Bia imesimama kwenye 1.020 na haishuki. Vipimo viwili vya siku moja vinatofautiana. Namba imeteremka hadi chini ya ile ya maji. Kila lalamiko lina sababu kadhaa zinazowezekana, na kosa linalofanywa mara nyingi zaidi ni kuitibu bia kabla ya kuihoji namba yenyewe. Namba inayosomwa hutokana na mambo matatu kwa pamoja: kifaa, sampuli, na kioevu kilichomo ndani ya chombo. Mwongozo huu unayafuata kwa utaratibu huo, kwa sababu kukagua kifaa huchukua dakika chache na hakuharibu chochote, ilhali shira ya kimea ikishamwagwa ndani ya ndoo haitoki tena.

Nasema hivi kwa kuwa niliwahi kujiponza mwenyewe. Nilikuwa na lita 20 zilizokusudiwa kufika 1.048. Nilichota sampuli juu juu, mara tu baada ya kuongeza maji baridi, nikasoma 1.036, nikashtuka, nikatia gramu 600 za shira kavu ya kimea papo hapo. Nilipokoroga ili unga uyeyuke, nikakoroga pia worti nzito (maji matamu ya kimea kabla ya kuchachuka) iliyokuwa imetulia chini, na kipimo cha pili kikasoma 1.059. Worti haikuwa na tatizo lolote tangu mwanzo. Ilikuwa haijachanganyika tu.

Anza na kifaa

Uzito mahususi ni ulinganisho wa uzito wa kioevu na uzito wa maji ya ujazo ule ule. Worti ikisoma 1.050 ina maana kwamba ni nzito kuliko maji kwa asilimia 5, na wapikaji huita hiyo pointi 50. Sukari huongeza namba, na alkoholi, ambayo ni nyepesi kuliko maji, huipunguza.

Jaribio la kwanza ni kuielea hidromita kwenye maji yaliyokenekwa, yakiwa kwenye joto lililoandikwa kwenye kifaa chenyewe. Hidromita nyingi zimesanifiwa kwa nyuzi 20 za Selisiasi, na nyingine kwa nyuzi 15.6, hivyo soma maandishi madogo yaliyo kwenye karatasi ya ndani kabla ya kudhani. Ikisoma 1.000, vizuri. Ikisoma 1.004, kuna uwezekano mkubwa kwamba karatasi hiyo ya namba imeteleza ndani ya shina la kioo, jambo linalotokea hata kwenye hidromita isiyowahi kuanguka. Andika tofauti hiyo kwenye kasha lake na uitoe katika kila kipimo, au nunua nyingine.

Maji matupu hukagua ncha moja tu ya kipimo. Kwa ncha ya pili, yeyusha gramu 25 za sukari nyeupe katika gramu 225 za maji, ukizipima zote mbili kwa mizani badala ya kijiko. Huo ni mchanganyiko wa asilimia 10 kwa uzito, na kwenye nyuzi 20 unapaswa kusoma 1.040. Hidromita iliyo sahihi kwenye maji na iliyokosea kwenye sukari haifai kusahihishwa kwa hesabu ya kichwani, iweke pembeni.

Kisha linakuja joto la sampuli, ambalo huwadanganya wengi kuliko kasoro ya kifaa. Worti ya moto imetanuka, kwa hiyo hidromita huzama zaidi na kusoma namba ndogo kuliko ukweli. Kwa hidromita ya nyuzi 20, ongeza takriban 0.003 sampuli ikiwa na nyuzi 30, 0.006 ikiwa na nyuzi 40, na 0.010 ikiwa na nyuzi 50. Kwenye nyuzi 60 nyongeza ni karibu 0.015, lakini kufikia hapo mimi huacha kuamini masahihisho yoyote, kwa sababu sampuli inapoa wakati unaisoma na hujui ni joto lipi hasa uliloshika. Ipoze kwanza, ukiwa umeifunika ili maji yasipotee kama mvuke. Isitoshe, kioo chembamba kikitumbukizwa ghafla kwenye worti inayokaribia kuchemka kinaweza kupasuka.

Namna ya kusoma nayo ina mitego yake. Kioevu hupanda kidogo pale kinapogusa shina, na hidromita nyingi husomwa kwenye usawa wa kioevu chenyewe, si kwenye ncha ya mpando huo, ingawa chache zimetengenezwa zisomwe juu. Karatasi iliyokuja nazo ndiyo husema. Izungushe hidromita kwa vidole viwili, itue katikati ya silinda bila kugusa ukuta, uinamishe jicho lako hadi usawa wa kioevu. Mwisho, hakikisha unasoma safu sahihi. Hidromita nyingi zina mizani tatu kwenye karatasi moja: uzito mahususi, digrii za Plato au Brix (asilimia ya sukari kwa uzito), na makadirio ya alkoholi. Kwa worti, Plato ikizidishwa kwa 4 hukaribia pointi, hivyo anayeona 12 na kutafuta 48 hajapoteza kitu, amesoma mstari wa jirani.

Dalili ya kwanza: uzito wa mwanzo ni mdogo kuliko ulivyotarajiwa

Hapa ni lazima kutenganisha anayepika kwa shira ya kimea na anayepika kwa nafaka, kwa sababu sababu zao hazifanani.

Kwa shira, iwe ya majimaji au iliyokaushwa ikawa unga, sukari tayari imo ndani ya pakiti na haiwezi kupotea. Ikiwa pakiti yote imeingia na ujazo wa mwisho ni sahihi, namba ya mwanzo ni ile inayotoka kwenye hesabu, kifaa kiseme kitakavyo. Sababu inayoongoza kwa mbali ni worti kutochanganyika na maji yaliyoongezwa, kama ilivyonikuta. Koroga kwa nguvu dakika mbili au tatu, kabla ya kutia hamira, kisha upime tena. Sababu inayofuata ni maji kuzidi: mistari iliyochapishwa kwenye ndoo mara nyingi haiko sawa, kwa hiyo hakiki ndoo yako kwa kumimina maji lita moja moja na kuchora mistari yako mwenyewe. Ya tatu ni shira iliyobaki imeganda kwenye mkebe, ambayo huweza kufika gramu mia kadhaa kwa mtu asiyeusuuza kwa maji ya moto.

Hesabu yenyewe ni rahisi na itakutumikia katika kila dalili inayofuata. Zidisha pointi kwa lita. Lita 20 za 1.050 ni pointi 1,000. Zikifika lita 22, pointi 1,000 hugawanywa kwa 22, na namba inakuwa karibu 1.045 bila hata chembe moja ya sukari kupotea. Kilo moja ya shira kavu hutoa takriban pointi 365 katika lita moja, shira ya majimaji karibu 300, na sukari nyeupe karibu 385. Kumbuka pia kwamba worti hunywea kwa takriban asilimia 4 inapopoa kutoka kuchemka hadi joto la kawaida. Ukipima lita ikiwa ya moto na pointi ikiwa baridi, bila kufanya marekebisho, hesabu haitakubali kamwe.

Kwa nafaka, anza vilevile na ujazo. Ikiwa jumla ya pointi (pointi mara lita) ni sahihi lakini lita ni nyingi, kimea kilitoa sukari yake yote na tatizo ni maji tu, au moto ulikuwa dhaifu kiasi kwamba mvuke haukutoka wa kutosha. Kwenye sufuria la umeme, mchemko unaozidi kuwa dhaifu kila mara unapopika unaweza kuwa dalili ya waya wa kupashia joto kuungua au kuganda uchafu. Kusugua uchafu ulioganda kwa nje, sufuria likiwa limechomolewa na kupoa, ni kazi yako. Ukihisi ganzi ya umeme unapogusa chuma, ukiona waya uliobabuka, au swichi kuu ikikatika kila unapowasha, acha hapo na umwite fundi umeme. Vivyo hivyo kwa jiko la gesi lenye harufu ya kuvuja: funga mtungi, fungua madirisha, usiwashe wala kuzima kitu chochote cha umeme, na umwachie fundi wa gesi.

Ikiwa lita ni sahihi na pointi ni pungufu, mshukiwa mkuu ni namna kimea kilivyoparazwa. Chota kiganja cha kimea kilichoparazwa na ukitandaze kwenye sahani nyeupe. Maganda yanapaswa kuwa karibu mazima, na kiini kiwe kimevunjika vipande kadhaa pamoja na unga kidogo. Ukikuta punje nzima, hata moja kati ya kumi, umeona mahali pointi zako zilipobaki, kwa kuwa maji ya moto hayaingii kwenye punje isiyovunjwa. Kuparaza mara ya pili ni tiba inayotosha mara nyingi. Usikimbilie kusaga laini kama unga wa ugali, maana maganda yakisagika chujio huziba na worti haitiririki.

Baada ya hapo, kagua kama kuna madonge makavu yaliyosalia wakati wa kuloweka. Yavunje kwa mwiko machicha yanapomwagwa, nawe utayaona kwa macho, meupe na makavu ndani. Kagua kipimajoto kwa barafu inayoyeyuka, ambayo husoma sifuri, na kwa maji yanayochemka, ukizingatia kuwa maji huchemka chini ya nyuzi 100 kwenye nyanda za juu. Kagua kama usuuzaji wa machicha ulifanywa haraka mno, maji yakatafuta njia moja na kuacha sukari pembeni. La mwisho ni asidi ya maji: vimeng'enya hufanya kazi vizuri pale pH ya uji wa kimea inapokuwa kati ya 5.2 na 5.6, na maji yenye chokaa nyingi yakitumika na kimea cheupe pekee huweza kuipandisha juu ya hapo. Hili hutajwa sana, na kwa kawaida si lenyewe.

Njia ya haraka ya kujua kama wanga umegeuka sukari ni tone la iodini. Weka tone la worti lisilo na maganda kwenye sahani nyeupe, ulidondoshee iodini. Likigeuka bluu inayokaribia weusi, wanga bado upo, na kimea kiachwe kiendelee kuloweka. Tone hilo halirudi kwenye sufuria kwa hali yoyote.

Ukishajua chanzo, tiba ni tatu. Unaweza kuchemsha zaidi, kwa mfano lita 24 za 1.042 zikipunguzwa hadi 21 hufika 1.048. Unaweza kuongeza shira kavu, ambapo kila gramu 100 katika lita 20 hupandisha namba kwa karibu pointi 2. Au unaweza kuiacha, nami huegemea huku pale upungufu usipozidi pointi 4, kwa sababu tofauti ya alkoholi mwishoni ni chini ya nusu asilimia, na hakuna mnywaji atakayeigundua.

Dalili ya pili: uzito wa mwanzo ni mkubwa mno

Dalili hii ina sababu chache. Mara nyingi maji yamepungua kwa kuchemka sana, au sampuli imechotwa kwenye bomba la chini ambako worti nzito imetuama, pamoja na mashapo yanayoishika hidromita. Koroga, acha sampuli itulie, upime tena. Ikiwa namba ni ya kweli, ongeza maji yaliyochemshwa na kupozwa: lita 18 za 1.056 zina pointi 1,008, hivyo lita 2 zaidi zitaishusha hadi karibu 1.050. Fanya hivyo kabla ya hamira kuanza kazi. Maji yakiongezwa kwenye bia iliyokwisha kuchachuka huingiza hewa, na hewa wakati huo huleta ladha ya kadibodi iliyolowa.

Dalili ya tatu: namba imesimama juu na haishuki

Hii ndiyo dalili inayoulizwa kuliko zote, kwa kawaida kwa maneno haya: "Imesimama kwenye 1.020, nifanye nini?" Jibu la kwanza ni swali: umeijuaje kuwa imesimama? Kipimo kimoja hakionyeshi mwendo. Bia imesimama pale vipimo viwili au vitatu, vilivyoachana kwa siku mbili, vinaposoma sawasawa kwenye joto lile lile. Gesi kupita au kutopita kwenye kizibo cha maji si ushahidi wa upande wowote. Mfuniko usiobana vizuri hupitisha gesi kimya kimya, na bia iliyokwisha kuchachuka huendelea kutoa viputo chumba kinapopata joto.

Baada ya hapo, iangalie sampuli. Bia changa imejaa gesi, na ukitazama shina la hidromita kwa karibu utaona viputo vidogo vikijishikiza kwenye kioo, kimoja kimoja, na hidromita ikipanda polepole mbele ya macho yako hadi namba iongezeke kwa pointi mbili, tatu au zaidi. Mimina sampuli kutoka glasi moja hadi nyingine mara nyingi, iache itulie hadi povu lifumuke, kisha usome. Sampuli hiyo inywe au uimwage, usiirudishe kwenye chombo.

Ikiwa namba ile 1.020 imetoka kwenye refraktomita, rukia kwanza dalili ya nne, kwa maana huenda huna tatizo kabisa.

Inayofuata ni matarajio yenyewe. Kokotoa kiwango cha uchachukaji kwa kutoa pointi za sasa katika pointi za mwanzo, kisha ugawanye kwa pointi za mwanzo. Kutoka 1.050 hadi 1.012 ni 38 kwa 50, yaani asilimia 76, na hamira nyingi za bia huishia kati ya asilimia 70 na 80 ya namna hii. Bia iliyoanza 1.080 na kusimama 1.020 imefika asilimia 75 na imemaliza safari yake. Tazama pia ulichotia: laktosi, sukari ya maziwa ambayo hamira ya bia haiwezi kuila, hupandisha namba ya mwisho kwa karibu pointi 9 au 10 kwa kila nusu kilo katika lita 20, na vimea vilivyokaangwa sana huacha sehemu kubwa isiyochachuka.

Ikiwa yote hayo yamepita na bia bado iko juu, sababu halisi za kukwama, kwa mpangilio wa jinsi zinavyotokea, ni joto kushuka hadi hamira ikalala chini, hamira kuwa chache au kuukuu, worti kukosa hewa ya kutosha siku ya kwanza, na kimea kulowekwa kwenye joto la juu mno. Tatu za mwanzo ni matatizo ya hamira. Ya nne ni tatizo la worti, na tofauti hiyo ndiyo inayoamua kila hatua inayofuata: hamira inaweza kuamshwa, lakini worti yenye deksitrini nyingi, yaani mabaki ya wanga ambayo hamira haiwezi kuyala, haitachachuka hata ukiiletea hamira ya dunia nzima.

Kuna jaribio moja linalotenganisha mambo haya mawili, na sielewi kwa nini linafanywa na watu wachache. Chota mililita 200 au 300 za bia iliyokwama katika chupa safi, tia hamira mpya kwa ukarimu, funika kwa kitambaa au karatasi bila kukaza, uiweke mahali penye nyuzi 25 hivi, uitikise mara kadhaa kwa siku. Baada ya siku tatu au nne, toa gesi na upime. Ikishuka kwa pointi kadhaa, worti ina chakula na hamira yako ya kwanza ndiyo iliyochoka. Isiposhuka, umefika mwisho wa sukari inayochachuka na hapo ndipo bia yako ilipo. Usiifunge chupa hiyo kwa kizibo, kwani hamira iliyomo hutoa gesi.

Kwa tatizo la hamira, anza na jambo dogo: pandisha joto la chumba kwa nyuzi 2 au 3, na uzungushe chombo taratibu ili hamira iliyolala ipande, bila kukitikisa na kuingiza hewa. Ngoja siku tatu. Ikikataa, andaa hamira mpya katika worti kidogo au maji yenye shira, uitie wakati povu limepanda na imo kazini. Hamira kavu ikimwagwa moja kwa moja kwenye bia yenye alkoholi huweza kufa bila kufanya lolote. Kuongeza sukari ili "kuiamsha" ni ushauri unaozunguka sana na haufai: hamira italila tonge jipya na kuliacha lile la zamani.

Kwa tatizo la worti, chanzo kiko siku ya kupika. Kimea kikilowekwa kati ya nyuzi 62 na 65, vimeng'enya hutoa sukari nyingi inayochachuka; kikilowekwa karibu na nyuzi 70, hutoa deksitrini nyingi zaidi na bia hubaki nzito. Kipimajoto kinachosoma pungufu kwa nyuzi 4 tu humhamisha mpikaji kutoka upande mmoja hadi mwingine bila yeye kujua. Kipo kimeng'enya kinachouzwa, glukoamilasi, kinachokata deksitrini hata ndani ya bia, lakini hakichagui pa kuishia. Namba inaweza kuteremka hadi 1.000 au chini yake na bia ikabaki nyepesi kama maji. Mimi ningeinywa ile nzito na kununua kipimajoto kipya.

Dalili ya nne: refraktomita na hidromita hazikubaliani

Refraktomita hupima jinsi mwanga unavyopinda ndani ya kioevu, nayo hutafsiri mpindo huo kana kwamba chote kilichomo ni sukari ndani ya maji. Kabla ya kuchachuka, tafsiri hiyo inakaribia ukweli. Alkoholi ikiingia, nayo hupinda mwanga, na kifaa huihesabu kama sukari. Worti iliyoanza na Brix 12, yaani karibu 1.048, ikimaliza kuchachuka huweza kusoma Brix 6, na anayegeuza namba hiyo moja kwa moja hupata 1.024 na kudhani bia imekwama, wakati uzito wake halisi ni karibu 1.011. Tumia kikokotoo kinachodai namba ya mwanzo na ya sasa kwa pamoja, au tumia hidromita baada ya hamira kutiwa. Kabla ya hamira, vifaa viwili vikipishana kwa pointi chache, kagua refraktomita kwa tone la maji yaliyokenekwa, hakikisha tone la worti halina vipande vya hopsi (maua yanayoipa bia uchungu), na uliache lipoe nusu dakika kwenye kioo. Vikokotoo vingi pia hugawanya Brix ya worti kwa 1.04, kwa sababu worti si sukari nyeupe tupu.

Dalili ya tano: namba imeshuka kupita matarajio

Kusoma 0.998 si muujiza wala si kosa kwa lazima. Bia yenye sukari nyingi ya kawaida huweza kwenda chini ya 1.000, kwa kuwa alkoholi iliyozalishwa ni nyepesi kuliko maji na hakuna deksitrini za kutosha za kuibeba. Hakiki kwanza kifaa na joto la sampuli, kisha tazama maelekezo. Baadhi ya hamira, hasa za mtindo wa saison, zina uwezo wa kuvunja deksitrini zenyewe na hushuka pole pole kwa wiki kadhaa. Hilo si baya mradi ulikuwa umelitarajia.

Baya ni pale hamira ya kawaida inaposhuka kuliko kawaida yake. Fungua na utazame: utando mweupe juu ya bia, uchachu ambao haukuukusudia, ladha ya karafuu au ya plasta ya kidonda, au mstari wa uchafu shingoni mwa chupa, vyote huashiria kuwa vijidudu vingine vimeingia. Ukiona kuvu lenye manyoya, mwaga. Mabomba na ndoo za plastiki zenye mikwaruzo huhifadhi vijidudu hivyo hata baada ya dawa, kwa hiyo zibadilishe badala ya kuzisugua.

Dalili ya sita: namba inapanda, au inarukaruka

Bia haipandi uzito yenyewe. Ikionekana kupanda, ama sampuli ya sasa ina gesi zaidi, ama imepoa: bia iliyotoka kwenye jokofu ikiwa na nyuzi 4 husoma karibu pointi 2 zaidi. Vipimaji vya kielektroniki vinavyoelea ndani ya chombo hurukaruka kwa sababu povu na hamira hung'ang'ania mwilini mwake na kubadilisha mwinamo wake. Vinafaa kuonyesha mwelekeo, lakini uamuzi wa kutia bia kwenye chupa ufanywe kwa hidromita.

Dalili ya saba: namba inaendelea kushuka ndani ya chupa

Hapa si suala la ladha tena. Kila 0.001 inayoshuka ndani ya chupa iliyofungwa huongeza takriban nusu ya ujazo wa bia kwa gesi ya kaboni dioksidi, na bia ya kawaida hubeba kati ya 2 na 2.7 tu. Aliyetia bia kwenye chupa ikiwa na pointi 4 zilizobaki, kisha akaongeza sukari ya kuleta gesi kama kawaida, anaelekea kwenye ujazo unaozidi 4, na chupa nyingi za bia za kioo hazikutengenezewa shinikizo hilo.

Ukifungua chupa moja na bia ikaruka yote nje, usiziguse nyingine mikono mitupu. Vaa miwani ya kukinga macho, glavu nene na nguo za mikono mirefu, zifunike kwa blanketi zito, na uzihamishie kwenye jokofu, kwa sababu baridi husimamisha hamira na kupunguza shinikizo. Zikishapoa usiku kucha, zifungue moja moja juu ya sinki zikiwa bado zimefunikwa. Ikiwa chupa moja imekwisha kupasuka yenyewe, usiingie kuokoa zilizobaki siku hiyo. Funga mlango, weka watoto na wanyama mbali, na usubiri hadi pawe na ubaridi na kimya. Jicho au mkono uliopata kioo ni wa kupelekwa hospitali, na kipande kilichozama hakichomolewi nyumbani. Mtungi wa chuma uliozidi shinikizo na ambao vali yake ya usalama haitoi gesi usifunguliwe kwa spana. Mpelekee habari fundi wa mitungi, naye aukute ulipo.

Na ikiwa hidromita imevunjika ndani ya worti, kama inavyotokea kwa mtu anayeielea moja kwa moja kwenye ndoo, usichuje. Kitako chake hubeba chembe za chuma au za risasi, na vigae vyake ni vyembamba kiasi cha kupita kwenye kitambaa. Lita zote 20 zimwagwe, ndoo ya plastiki itupwe, na hidromita inayofuata iwe na silinda yake.